Mluzi Nisiousikia

Mimi ni fundi wa malori hapa Kibiti, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema mapema, mtu asije akadhani najisafisha katika haya ninayoyasimulia. Uwanja wangu uko kando ya barabara kuu iendayo kusini. Una kontena bovu ninalowekea vyombo, shimo la kuingilia chini ya gari, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ni kipande cha springi. Nimefanya kazi hapo tangu barabara ikiwa mchanga mtupu, magari ya Lindi yakikwama siku tatu na madereva wakipika wali chini ya tela.

Kazi yangu niliijua kwa masikio. Lori likikata kona kuingia uwanjani, dereva hajazima, mimi nishamwambia nozeli ipi ya mafuta imekufa. Watu walileta magari kutoka Mchukwi, kutoka Bungu, mpaka Dimani huko ndani, wakisema wanakwenda kwa yule mwenye masikio. Nilivimba kichwa, sikatai.

Basi masikio yenyewe yakaanza kunitoka. La kushoto lilitangulia. La kulia likabaki na sauti nene tu: mngurumo wa injini, mlango wa kontena, adhana ikipitia kwenye spika. Sauti nyembamba zote zilikwenda zao. Simu ikiita mfukoni siijui mpaka itetemeke. Mjukuu akininong'oneza naona midomo inacheza tu. Nikaenda hospitali Mchukwi. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kumjulia hali mgonjwa. Daktari akanipima kwa upole, akaniambia ni ile miaka ya nyundo na injini bila kuziba masikio, na kilichokwenda hakirudi. Nilimshukuru, nikapanda bodaboda, nikalia njia nzima mgongoni kwa yule kijana.

Sikumwambia mtu. Fundi kiziwi nani atampelekea gari? Hofu ilikuwa hiyo, nikila nayo na kulala nayo. Sina shamba la maana, mvuvi si mimi, na umri wa kujifunza kazi nyingine umenipita. Wakijua nimekwisha.

Nikabuni ujanja. Dereva akija namwambia, "Usiwashe gari. Niigizie kwanza inavyolia." Na madereva wa kwetu wanapenda kuigiza magari yao, we acha tu. Mtu mzima na ndevu zake anasimama katikati ya uwanja, anavimbisha mashavu, "ngrr-ngrr, ka-ka-ka-ka," anajipiga paja kutia vishindo. Mimi namtazama mdomo. Namwuliza: inalia gari ikiwa moto au baridi? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Gia ya ngapi? Mara nyingi nilipata. Watu wakacheka, wakasema fundi kaanza vituko vya uzeeni. Wacheke, bora hivyo. Miaka miwili nilikwenda hivyo, mpaka alipokuja Nahodha.

Tulimwita Nahodha kwa sababu alikuwa nahodha kweli. Mtu wa Kiongoroni, kule delta inakokutana na bahari, na umri wake wote alibeba watu na mizigo kwa mashua kati ya visiwa. Uzeeni, yeye na nduguze wakanunua lori la tani saba, mtumba, la kubebea kamba wakavu na samaki kutoka gati la Nyamisati kupeleka Dar. Akajifunza udereva na mvi zake. Mbele ya gari aliita omo, nyuma aliita tezi, akaona sisi ndio hatujui kusema. Tulikuwa tukimtania, "Nahodha, nanga umeshusha?" Naye anajibu, "Nimeshusha," huku anavuta handibreki.

Siku ya kwanza alipoleta lori alikuwa na neno dogo tu.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, fundi. Kuna mahali panavuja. Nikitumia ile breki ya bomba la moshi, nasikia panavuja."

Alikuwa akisema ekzosi breki. Malori ya dizeli yana breki hiyo ya ziada. Ndani ya bomba la moshi, karibu na injini, mna kilango cha chuma. Dereva akiwasha swichi yake na kuachia mafuta, kilango kinajifunga, moshi unakosa pa kutokea, injini inabanwa na gari linapungua mwendo bila kuzichosha breki za magurudumu. Kwa mtu aliyebeba mzigo kwenye mteremko mrefu, kilango kile si cha kufanyia mzaha.

"Niigizie panavyolia," nikamwambia.

"Nikuigizie?"

"Ile sauti. Nifanyizie kwa mdomo."

Akanitazama toka juu hadi chini. "Fundi, mimi mtu mzima. Gari hiyo hapo. Iwashe, usikilize mwenyewe."

Nikaiwasha. Nikainamia injini, nikakunja uso, nikafumba jicho moja, kila alama ya mtu anayesikiliza niliitia. Nilisikia injini ikinguruma. Kingine sikusikia. Nikanyoosha mgongo nikasema, "Haina kitu, Nahodha. Hicho ni kilango kinafunga, ndivyo vilivyo. Nenda zako kwa amani."

"Haina kitu?"

"Ebo! Fundi nani hapa?"

Akaondoka. Zikapita kama wiki tatu, akarudi. Safari hii akasema panapiga mluzi, tena wa kukera, na lori likishafunga ile breki linachelewa kufungua, halivuti. Nikaona aibu ya kumwomba tena aigize. Nikaingia kazini kwa kubahatisha. Nilikaza vishikio vya sailensa, nikabadilisha mpira wa upepo unaosukuma kilango, nikapaka grisi kila nilipopaona. Lori lilikuwa likinuka samaki mpaka kwenye injini, nikamtania kwamba amepakia papa ndani ya bomba. Hakucheka. Nilipomaliza nikajifuta mikono nikamwambia imepona. Nilimwambia mtu imepona, na ugonjwa wenyewe sikuwahi kuusikia. Usingizi siku ile haukuja vizuri.

Kesho yake mchana huyo hapo tena. Kama angekuja na matusi ningejua la kufanya, matusi nayaweza. Alikuja taratibu, akasimamisha lori mlangoni pa uwanja likiunguruma, akateremka, akasema, "Fundi, bado."

Madereva watatu walikuwa kwenye benchi wakingoja magari yao. Na mke wangu ndio alikuwa anaingia na hotpoti la chakula kichwani. Nahodha akarudi kwenye usukani, akapandisha mafuta kisha akaachia, swichi ikiwa imewashwa, ili anionyeshe. Nikamwona mke wangu anaziba sikio kwa kiganja.

"Lo! Lori linapiga mluzi hivyo, nanyi mnalitazama tu?"

Madereva wakaangua kicheko. Mimi nikaduwaa. Nikatazama lori, nikamtazama yeye, na nikaona anavyonitazama, nikajua amegundua kwamba sikusikia kitu. Yeye akaweka hotpoti juu ya benchi, akamwamkia Nahodha, "Shikamoo baba," kisha akazunguka akaja upande wangu wa kulia.

"Fungua mlango nipande."

"Upande wapi?"

"Humo kwenye lori. Au wanawake hawapandi?"

"Chakula kitapoa."

"Kitapashwa."

Nikatangulia kupanda, nikakaa katikati, yeye akakaa dirishani. Nahodha akang'oa lori bila kuuliza. Tukashika njia ya Ikwiriri mpaka pale barabara inapoanza kuteremka. Mke wangu akanishika kifundo cha mkono, mbele ya watu, mchana kweupe, nami nikamwachia.

Nahodha akawasha swichi, akaachia mafuta. Vidole vya mke wangu vikaniminya. Lori lilivyopungua mwendo, vidole navyo vikapungua. Akakanyaga mafuta, vikaniachia kabisa. Tukageuza, tukapanda, tukateremka tena. Vikaniminya palepale. Nikamwambia Nahodha, "Mara hii zima swichi, achia mafuta hivihivi." Vidole havikusogea. "Sasa washa." Vikaniminya mpaka kucha zikaingia.

Nikafahamu mambo mawili. La kwanza, mluzi unatoka pale tu moshi unapobanwa, na unazidi injini ikizunguka kasi. Basi tundu liko kati ya injini na kilango. Lingekuwa nyuma ya kilango, mluzi ungekufa kilango kikifunga. Haya ndiyo niliyopaswa kuyajua wiki tatu kabla. La pili, mke wangu anajua habari zangu zote.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

Akanishika kidevu, akanigeuza nimwone midomo. "Tangu ulipokwenda kumjulia hali mgonjwa Mchukwi. Mgonjwa gani asiye na jina? Nilikuwa nakungoja useme."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungefoka."

Kweli ningefoka. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, miaka miwili nimejificha kwenye nyumba ambayo kila kitu kinajulikana. Nahodha alikuwa anatazama barabara yake. Sijui alisikia kiasi gani.

Tuliporudi uwanjani nilifanya ninavyojua kufanya. Nililowesha mgongo wa mkono kwa maji, nikamwambia Nahodha apandishe mafuta na kuachia, swichi imewashwa, nami nikaupitisha mkono taratibu kandokando ya bomba, bila kuligusa. Kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea injini, hakuna kitu. Kwenye kiungo cha kwanza hakuna. Kiungo cha pili, pale nyumba ya kilango inapofungwa na bolti nne, upepo mwembamba wa moto ukanichoma ngozi. "Yallah!" Nikauondoa mkono, nikautia puani. Ulikuwa mweusi, unanuka, na harufu yenyewe haikuwa ya samaki wa mzigo. Ilikuwa ya mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua kule visiwani.

Tukala huku bomba linapoa. Kisha nikaingia na spana. Bolti zilipolegea nikaona, na nilichokiona sijawahi kukiona kwenye gari tangu nishike spana. Mzunguko mzima wa kiungo kile ulikuwa umejazwa pamba, imesokotwa, imelowekwa mafuta ya papa, ikashindiliwa kwa patasi mpaka ndani. Kazi safi, mshono sawasawa, ila pamba yote imeungua imekuwa mkaa. Patasi ilikuwa imeipanua midomo ya kiungo na kuipasua gasketi inayoziba katikati. Na ekseli ya kilango ilipakwa mafuta yaleyale, yakaivia humo kwa moto, yakawa ulimbo, ndiyo maana kilango kilichelewa kufunguka.

Watu wa delta mashua ikivuja kwenye maungio ya mbao, huikalafati: husokota pamba na mafuta, huishindilia kwa patasi na nyundo ya mti, na maji hayapiti. Wanaifanya kwa ustadi ambao mimi siuwezi. Lakini lori!

"Mzee!" nikapiga kelele. "Umelikalafati lori! Masalale! Hii mashua hii? Humu mnapita moto, si maji! Kesho utalitia tanga? Uliona wapi mtu anaziba bomba la dizeli kwa pamba, uliona wapi?" Na mengine nikasema, siyaandiki. Madereva kwenye benchi walikuwa hoi, mmoja ameshika mbavu, anapiga benchi kwa kofi.

Nahodha alivua kofia, akaishika mkononi, akangoja kicheko kiishe. Hakuinamisha uso.

"Chombo changu kikivuja, naziba," akasema. "Lakini nilikuja kwako kwanza, fundi. Nilikwambia panavuja. Ukaniambia haina kitu. Nikasema, kama fundi mwenyewe hapasikii, basi ni padogo, nitapaziba kwa mikono yangu."

Sauti ya Nahodha ni nene, na maneno yale niliyasikia yote, neno kwa neno. Nikamtazama mke wangu anisaidie, naye alikuwa ananitazama tu, sahani mkononi. Nikajua hili hatanisemea.

Ningeweza kumgeuzia kibao yule mzee. Mdomo ulishafunguka. Nikaona ile pamba iliyoungua imelala kwenye kiganja changu, kazi ya mtu aliyeamini neno langu, nikashindwa.

"Sikusikia, Nahodha," nikasema. "Siku ile sikusikia, na jana sikusikia. Sauti nyembamba sizisikii tena. Mwaka wa pili huu. Nilikudanganya."

Nikayatazama magari ya watu uwanjani, matatu, na funguo zake zinaning'inia kwenye msumari wa kontena. Nikangoja waje wazichukue.

Nahodha akarudisha kofia kichwani. "Na uliposema imepona?"

"Nilibahatisha."

"Ningeteremka nayo kilima na mzigo. Ndugu zangu wawili wako juu ya magunia."

"Ndiyo."

"Astaghfirullah."

Akanisogelea, akasimama kushoto kwangu, akasema kitu. Sikukipata. Akanitazama lile sikio, kisha akazunguka akaja kulia.

"Nimesema, umenikosea," akasema. "Sasa itengeneze."

Sijawahi kupewa kazi kwa maneno matamu kuliko hayo. Nikaikwangua midomo ya kiungo mpaka ikang'aa. Nikaichovya nyumba ya kilango kwenye mafuta ya taa, nikaisugua ekseli mpaka kilango kikafunguka na kufungika kwa kidole kimoja. Midomo iliyopinda nikaipiga tupa, naipima kwa rula, napiga tena. Nikaona tayari. Nahodha, aliyekuwa amechuchumaa pembeni muda wote, akanyoosha mkono, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye chuma.

"Hapa bado."

"Wapi? Rula imesema sawa."

"Rula iseme. Hapa bado."

Nikapitisha ukucha wangu palepale. Palikuwa na kibonde chembamba, hata unywele usingeingia. Mtu aliyetengeneza maungio ya mashua miaka yote hiyo ana kidole ambacho mimi sina. Nikarudia tupa. Tukapitisha ukucha zamu kwa zamu, yeye na mimi, mpaka wote tukaridhika. Nikamtuma dereva mmoja duka la spea akaleta gasketi mpya ya bati. Nikakaza bolti kwa kukingamana, kidogokidogo, na Nahodha akahesabu mizunguko kwa Kindengereko, chini chini, sijui kwa nini na sikumwuliza.

"Na mafuta ya papa?" akauliza.

"Nahodha, nisamehe nilivyofoka. Lakini mafuta ya papa hapana!"

Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza.

Tukaenda mteremkoni tena, watatu, tumekaa vilevile. Mke wangu akanishika mkono. Swichi. Mafuta yakaachiwa. Nikahisi lori linabanwa, linapungua, mwili wangu unakwenda mbele. Nilingoja vidole vyake. Havikusogea. Tukafika chini. Tukarudi juu, tukateremka kwa kasi zaidi, navyo vimetulia.

"Kimya?" nikamwuliza.

"Kimya."

Nahodha akageuza uso wote kwangu ili niuone. "Kimya, fundi," akasema, halafu akakumbuka kutazama barabara.

Njiani kurudi furaha ilianza kunitoka kidogokidogo. Lori limepona, sawa. Lakini wale watatu kwenye benchi walikuwa wamesikia kila kitu, na dereva hana siri. Kabla ya magharibi Kibiti yote itajua, na kesho Ikwiriri. Niliwaza funguo pale kwenye msumari. Niliwaza nitamwambia nini mke wangu benchi likiwa tupu. Nahodha alipotushusha alinipa mkono, akaniambia mashine ya mashua ya nduguye inagonga huko Kiongoroni, niende, na niende na mama. Nikasema inshallah, macho yangu yako kwenye kontena.

Funguo zilikuwepo, zote tatu. Na madereva walikuwepo, wamehamia kivulini. Aliyekuwa akicheka kuliko wote, mtu wa njia ya Lindi, mwenye mdomo, akainuka akanijia huku anapangusa suruali. Nikajiandaa. Nilikuwa nishalichagua tusi la kumrudishia.

Akasimama mbele yangu, hatua mbili, hakusogea zaidi. Akaongea polepole, midomo wazi.

"Fundi, yangu inalia ukiwa gia ya nne," akasema. "Nisimame upande gani?"

Tusi likanipotea.

"Huku," nikamwambia, nikampa sikio.